Hatupigi Kura: Yaliyonikuta Nikiwa Karani wa Kanisa Dogo la Marafiki, Mbeya

Kila nikimwambia mtu kwamba kanisani kwetu hatupigi kura, swali linalofuata huwa lile lile: sasa nani anaamua? Mchungaji? Wazee? Mwenye hela? Nimelijibu dukani, kwenye daladala, hata msibani, na kila nikijibu kwa kifupi naona mtu ananiangalia kama ninayemficha jambo. Leo nalijibu kwa kirefu. Najua huku kwetu kuna vikundi vimevunjika kwa kura ya tano kwa nne, na kuna vingine vimevunjika kwa kujisifu kwamba vinaamua kwa pamoja kumbe anaamua mtu mmoja. Sisi nusura tuvunjike kwa njia hiyo ya pili.

Kanisa letu ni la Marafiki, lile linalojulikana duniani kwa jina la Quaker. Lilianza Uingereza miaka ya 1650, na anayetajwa zaidi katika kulianzisha ni George Fox. Afrika Mashariki lilifika mwaka 1902 pale Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote. Mbeya tuko wachache mno. Mtaani ukisema wewe ni wa Marafiki, watu wanadhani unazungumzia chama cha kufa na kuzikana. Tulianza na familia mbili zilizohamia kikazi, moja kutoka mkoa wa Mara na nyingine yenye asili ya Kaimosi, tukaongezeka sisi wa hapa hapa: waliokuwa Moravian, Walutheri wawili watatu, na walioletwa na ndoa.

Mimi nimelelewa Moravian, Rungwe, ambako wamisionari walifika mwaka 1891. Kwangu kanisa lilikuwa kengele, kwaya zinazoshindana na baraza la wazee lenye meza ndefu. Nikajikuta kwenye chumba cha chekechea cha kupanga kule Uyole, watu wazima hawafiki thelathini, vile viti vidogo vya watoto vimesukumwa ukutani, nyimbo mbili zikishaimbwa watu wanakaa kimya muda mrefu hadi unasikia malori yanapanda barabara ya Tunduma. Nilihangaika kuzoea. Lakini kilichonivuta kubaki ni vikao, jambo ambalo wanangu wanalicheka mpaka leo.

Kikao cha shughuli tunacho Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada. Marafiki wanakihesabu kuwa nacho ni ibada, kwa hiyo kinaanza kwa kimya. Karani yuko mezani na kaunta buku lake. Ajenda ni zile unazozijua wewe: yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, kiwanja, mengineyo. Utofauti uko kwenye kusema. Mwenye neno anasimama, analisema mara moja, anakaa. Hajibiwi papo hapo. Kinapita kimya kidogo, mwingine anasimama. Hakuna makofi, hakuna "mzungumzaji aliyepita amepotosha". Karani anasikiliza kikao kinaelekea wapi. Akiona kimefika mahali, anaandika aya moja pale pale watu wamekaa, kisha anaisoma kwa sauti. Wakisema ndivyo, imepita. Wakisema bado, anaikata kalamu anaandika nyingine. Muhtasari unatoka kikaoni ukiwa umekamilika. Hakuna ule wa kuletwa mwezi ujao umenyooshwa nyumbani kwa katibu. Majina ya waliosema hayaandikwi. Kinachoandikwa ni kile mlichokiona pamoja, na karani mwenyewe hatoi hoja yake. Akiwa na maslahi kwenye jambo anampisha mwingine mezani.

Ukisoma hivyo unaona jambo jepesi. Sasa nikueleze yaliyotukuta.

Mmoja wetu alikuwa mfanyabiashara wa mazao, mkarimu kweli kweli, ambaye sadaka yake peke yake ilikaribia nusu ya kodi ya kile chumba. Siku moja kikaoni alisimama akasema anatoa kiwanja. Kimepimwa, kiko karibu na barabara, tuje tujenge. Sharti moja tu: hati ibaki kwa jina lake kwanza, "mpaka mambo yakae sawa". Wakati ule nilikuwa msaidizi wa karani, kazi yangu kunakili nakala ya pili. Akasimama mzee wetu mkubwa kuliko wote, akashukuru kwa maneno mazuri. Kikafuata kimya kirefu kilichotulia, mgeni angesema Roho ameshuka. Karani akaandika kwamba kikao kimepokea kiwanja kwa shukrani. Akasoma. Zikasikika "ndivyo" mbili tatu. Tukaenda kula.

Wiki ile ile, mama mmoja anayeuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa alikuja kwenye duka la pembejeo ninakofanya kazi. Akajifanya anauliza dawa ya kuhifadhia mahindi. Akangoja mteja aliyekuwepo atoke.

"Mwanangu, lile daftari mnalo nyie?"

"Liko kwa karani, mama."

"Mmeandika tumekubali. Mimi nimekubali lini?"

"Si ulikaa kimya, mama."

"Ulitaka nisimame nimpinge mzee mbele ya watu? Na huyo mwenye kiwanja ndiye anayenipa mzigo wa mchele kwa mkopo. Wewe ungesimama?"

Sikuwa na la kusema. Dawa akanunua kweli, akaomba punguzo, nikampa.

Baada ya hapo nikaanza kusikia na wengine, kituo cha bajaji, sokoni, kwenye simu za usiku. Hakuna aliyemshuku yule ndugu kwa ubaya. Ila wote tunajua mahali ambapo watu walijenga kwenye ardhi ya mtu kwa kuaminiana, mtu akafariki, wanawe wakaja na hati mkononi. Kila mmoja alikuwa na wasiwasi huo huo, na hakuna aliyeutamka mahali palipokusudiwa kutamkwa.

Nimelifikiria sana jambo hili, na naona ndilo lililo kubwa kuliko yote nitakayoyaandika hapa. Kwa Marafiki, aliyekaa kimya anasubiri. Kwetu, aliyekaa kimya mbele ya mkubwa wake anatoa heshima, na heshima hiyo haikuambii chochote kuhusu anachofikiri. Tulichukua utaratibu uliozaliwa kwa watu waliokataa hata kumvulia kofia bwana mkubwa, tukauweka kwa watu wanaopiga goti kusalimia, tukategemea ufanye kazi ile ile.

Tena kulikuwa na binti wa Kinyakyusa, ameolewa, na baba mkwe wake naye ni mshiriki. Kwa mila za Rungwe na Kyela mkamwana humwepuka baba mkwe. Zamani akimwona njiani anapinda kabisa. Mjini mambo yamelegea, lakini huyu alilelewa na bibi yake kijijini na hakulegea. Jumapili alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, macho chini. Sasa ona: huyu binti alikuwa anafanya kazi kwenye saccos, idara ya mikopo. Katika kanisa zima ndiye mtu pekee aliyeshughulika na hati za viwanja kila siku ya kazi. Tunajadili hati, anayezijua yupo chumbani, na hawezi kusimama kwa sababu baba mkwe yuko safu ya pili.

Ilibidi lile jambo lifunguliwe tena, na kufungua jambo lililokwisha kuandikwa si mchezo. Aliyeomba lifunguliwe ni yule mzee mwenyewe aliyeshukuru. Kuna mtu alimfuata nyumbani akamweleza taratibu, na kikao kilichofuata akasimama akasema anaona alisema mapema mno, wengine wakakosa pa kupitia. Mzee wa umri ule kusema vile mbele ya watoto wake na wajukuu! Nimekaa kwenye vikao vingi, sijaona tena.

Tukabadilisha mambo kidogo kidogo, kwa kujaribu na kukosea. Wanawake walianza kukutana Jumamosi jioni kabla ya kikao, nyumbani kwa mmoja wetu Isyesye, tukipitia ajenda yote. Tulidhani tumebuni kitu chetu, kumbe Marafiki wa Uingereza walikuwa na vikao vya wanawake tangu karne ya 17, na Margaret Fell ni mmoja wa waliovisimamia. Yule binti wa saccos Jumamosi anaongea bila kusita, kesho yake mama mwingine anasimama anasema, "Jana tuliliangalia suala la hati hivi na hivi." Baba mkwe anasikia, mila haikuvunjwa, na elimu yake imefika mezani. Halafu tukakubaliana kwamba wakubwa waseme mwisho. Hili liliwachukiza wazee wawili mwanzoni, mmoja akauliza kama siku hizi mvi ni kosa. Lakini waligundua raha yake: ukisema mwisho, unasema kidogo na unasikilizwa sana. Na mwenye jambo lake anatoka nje likijadiliwa. Hapa tulichelewa, hata karani wetu wa wakati ule aliona ni kumfukuza mtu. Si kumfukuza. Mtu akikaa pale mnajadili uso wake badala ya kujadili kiwanja.

Kama kikundi chenu kinataka kuacha kura, anzeni hapo, kabla hata ya kuzungumzia kimya na sala. Tafuteni nani hawezi kusema mbele ya nani, na kwa nini. Andikeni majina kwenye karatasi na mkimaliza mchome hiyo karatasi. Deni, ukwe, ajira, umri, kabila, mwenye nyumba na mpangaji. Kwenye kura ya siri mpangaji anaweza kumkataa mwenye nyumba wake kimyakimya. Kwenye utaratibu wetu hana pa kujificha, kwa hiyo ni juu yenu kumtengenezea njia, la sivyo mtakuwa mmeondoa kinga aliyokuwa nayo na hamkumpa nyingine.

Turudi kwa mwenye kiwanja. Watu wawili walitumwa nyumbani kwake, mmoja wa rika lake na mmoja mdogo, kumwambia kikao kinaomba hati ihamishwe ndipo tujenge. Aliumia. Alisema kwa miaka yote hiyo amebeba kodi na leo anaulizwa karatasi. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijayapatia jibu: "Mngekuwa mnapiga kura, angalau ningejua nani hanitaki." Maana ndivyo ilivyo. Kura inakupa maadui wenye majina. Sisi tulimpa ukuta. Aliondoka na mkewe na familia nyingine moja, na sasa anasali kanisa jingine, tukikutana tunasalimiana vizuri.

Tulilipa gharama. Kodi ilitushinda miezi miwili, mwenye chumba akaweka kufuli lake juu ya letu, tukasali chini ya mparachichi nyuma ya nyumba ya mshiriki mmoja mwezi wa saba, na anayeijua Uyole mwezi wa saba anajua baridi ile. Kuna waliosema hadharani kwamba tungepiga kura siku ile ya kwanza, mkono juu mkono chini, leo tungekuwa na jengo. Inawezekana. Na inawezekana tungekuwa na jengo la mtu.

Kuna udhaifu mwingine ambao Marafiki wenyewe hawapendi kuusema sana. Utaratibu wetu unasema kama hamjafikia umoja, jambo linabaki kama lilivyokuwa. Inasikika kama busara. Lakini anayenufaika na hali ilivyo hahitaji kusema neno. Inatosha tu asiwe tayari. Mfano uko kwenye historia yao. Mwaka 1688 Marafiki wachache wa Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka kupinga utumwa. Vikao vikaupokea, vikaona ni mzito, vikauweka. Baadaye akaja John Woolman, fundi cherehani na mwenye duka wa New Jersey, aliyezunguka nyumba kwa nyumba akizungumza na Marafiki wenzake waliokuwa na watumwa, na alikolala alikuwa akiacha malipo kwa ajili ya kazi ya wale watumwa waliomhudumia. Mwaka 1758 mkutano wa mwaka wa Philadelphia ukatuma watu kuwatembelea wenye watumwa, na mwaka 1776 ukaamua kwamba Rafiki hawezi kumiliki mtu. Mzee wetu wa Mara hulisimulia hili kama ushuhuda wa subira, kwamba walifika kabla ya mataifa mengi. Ni kweli walifika. Ila ni miaka 88, na waliosubiri kwa maumivu hawakuwa wale waliokaa kikaoni. Huwa namwambia hivyo, na yeye huitikia kwa kichwa, tunaachana hapo.

Kwa hiyo sisi tumejiwekea: jambo likiwa linamuumiza mtu kila siku, halilazwi. Mlinzi wetu alikuwa hajalipwa, na mtu akasimama akasema tuombe mwanga zaidi kuhusu bajeti. Karani (wakati huo nilishakuwa mimi, baada ya yule wa kwanza kuhamishiwa kazi Iringa) nikasema kwa kawaida karani hatoi hoja, lakini mshahara wa mtu hauombewi mwanga. Alilipwa siku ile kwa kofia iliyopitishwa.

Ukarani wenyewe sikuuomba, na hata ungeuomba usingepata. Kamati ndogo inakaa, inaangalia nani ana uwezo gani, inapeleka jina, kikao kinalitafakari. Hakuna kampeni. Nilichogundua mapema ni kwamba kazi ngumu ya karani ni kuandika aya fupi mbele ya watu wanaokutazama. Nilijifunza kwenda na rasimu mbili kichwani na kuwa tayari kuzitupa zote. Nilijifunza kusoma taratibu, sentensi moja moja, na kuinua macho kila nikimaliza sentensi, nikiangalia nyuma karibu na mlango kwanza na siyo safu ya mbele. Aya ikirudishwa mara tatu, mara nyingi shida haiko kwenye maneno. Kuna jambo la pili limejificha ndani ya lile la kwanza. Tulikwama kwenye ununuzi wa viti vya plastiki mpaka tukagundua tunachobishania ni kama mweka hazina anunue kwa shemeji yake.

Kuhusu mweka hazina, hapa sina falsafa. Hela na umoja wa roho visichanganywe. Akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa, na hao watatu wasiwe wa ukoo mmoja. Michango ya simu iende kwenye namba moja tu, na mweka hazina alete taarifa ya miamala iliyochapwa kila kikao, siyo kuisoma kwenye simu yake. Mnapendana, sawa. Leteni risiti.

Kiwanja hatimaye tulinunua wenyewe, kidogo, huko pembezoni, kwa michango iliyotufanya wengine tuache kujenga kwetu mwaka ule. Mimi niliuza ng'ombe aliyekuwa kwa kaka yangu Tukuyu, na mume wangu alinuna siku kadhaa. Kabla ya kulipa tulipita ofisi ya mtaa, tukaonana na majirani wa mipaka yote, tukaenda ardhi kuthibitisha kwamba hakuna mwingine aliyekwisha kuuziwa. Binti wa saccos ndiye aliyetuongoza hatua zote hizo, baba mkwe akiwa kwenye bajaji ya nyuma.

Mkinunua kama kikundi cha dini, msikubali jina la mtu yeyote, hata la karani, hata la mchungaji mtakatifu. Jumuiya husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Lakini wa kushika ardhi kwa niaba yenu ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na hiyo inadumu hata wadhamini wakifa au wakihama. Ulizeni mapema kama kuna chombo kikubwa cha kanisa lenu chenye usajili mnachoweza kuwa chini yake. Sisi tulipoteza muda mwingi kwa kuliuliza hilo mwisho. Katiba nayo ina kazi. Mwanasheria aliyetusaidia alikuja na kielelezo chenye akidi, theluthi mbili na kura ya turufu ya mwenyekiti. Tukamwambia hatuna mwenyekiti wala kura. Akaweka kalamu chini.

"Sasa mkigombana, mahakama itajuaje mliamua nini?"

Swali la haki kabisa, na lilitusaidia. Tuliandika kwa Kiswahili cha wazi kabisa: uamuzi ni aya iliyosomwa na kukubaliwa ndani ya kikao, ikiwa na saini ya karani na msaidizi, pamoja na orodha ya waliohudhuria na saini zao. Akidi tukaibakiza, tukaona ni kitu kizuri. Orodha ya mahudhurio tusingeijali bila yeye, na benki ndiyo ilikuwa ya kwanza kuidai. Kwenye kiapo cha fomu nikaomba kuthibitisha badala ya kuapa, kwa kuwa Marafiki hawaapi; sheria yetu inaruhusu, ila jiandae kueleza.

Misiba ilitufundisha jambo jingine kwa haraka zaidi. Mtu akifiwa Jumanne huwezi kumwambia subiri kikao cha mwisho wa mwezi. Tulikuwa tunapigiana simu, anayejulikana anapata mchango mkubwa, mgeni anapata rambirambi ya aibu. Sasa tumeamua mara moja, imeandikwa: ndugu wa ngazi hizi, kiasi hiki, watu wawili wanatoa bila kuuliza mtu. Tangu hapo manung'uniko ya msiba yameisha. Mambo madogo yakabidhiwe kwa watu na muwaachie kweli. Tulishawahi kumaliza kikao kizima kwa ajili ya kufuli la mlango, aina gani na nani akae na ufunguo wa akiba, watu wazima wenye familia zao, mpaka watoto wakaja kuuliza kama tunalala huko.

Kinanda kilichukua zaidi ya mwaka. Vijana walikitaka, kwa sababu Mbeya kanisa lisilo na kinanda na spika linaonekana limefilisika. Wenye asili ya Kaimosi nao wamezoea nyimbo na mahubiri, ndivyo Marafiki wengi wa Afrika Mashariki wanavyosali. Wachache wetu tulipenda kimya. Mwishowe ikaandikwa kwamba nyimbo zitangulie na kimya kifuate, na kinanda kizimwe kabisa siyo kupunguzwa sauti. Mzee mmoja alisema hakioni kina faida lakini hatasimama njiani, na tukaandika kwamba kuna aliyekaa pembeni. Hii nafasi ya kukaa pembeni ilindeni sana. Bila hiyo kila asiyeafiki ana njia mbili tu, kuzuia au kudanganya, na watu wetu kwa upole wao watachagua kudanganya.

Kwa sasa kuta zimefika kwenye lenta, tofali za kuchoma, fundi anatudai kidogo. Jambo lililoko mezani ni bati. Hela iliyopo inatosha geji 30. Nusu ya watu wanataka tusubiri tupate geji 28, ambayo ni nene zaidi, kwa sababu ya upepo wa kule juu, na vijana wanataka msauzi, bati la mtindo wa kisasa, jambo ambalo hata sijaliandika. Mama wa mchele, ambaye siku hizi husimama bila kutafutiwa njia, aliuliza mara moja tu kama kuna aliyekwenda dukani kuuliza bei za mwezi huu. Hakuna aliyekwenda. Yeye na fundi wametumwa Soweto, hapa hapa Mbeya, wiki hii kuuliza maduka matatu na kuleta bei zilizoandikwa na kugongwa muhuri, kwa sababu mvua za Novemba haziko kwenye ajenda yetu.